Somo la Wanachama: Kuupangia Mwili Vituo Uzeeni, kwa Mfano wa Njia ya Tabora



Somo letu la toleo hili halihusu bei ya karafuu wala maradhi ya mikarafuu. Linahusu miguu ya mwenye shamba. Tumelichagua kwa kuwa kila msimu twaona jambo moja likirudi. Mwanachama aliyekuwa akilizunguka shamba lake kila asubuhi huwakabidhi kazi vijana, naye akabaki barazani. Mwaka wa kwanza hupumzika, na kupumzika ni haki yake. Mwaka wa pili huona kilima cha shambani kimekuwa kirefu. Mwaka wa tatu hushikwa mkono kwenda uani. Watu husema, "Ni uzee huo." Uzee umo, hatukatai, lakini haukuja peke yake. Sehemu kubwa ya udhaifu ule yatokana na kuketi.

Hasara hii si ya mzee tu. Yeye ndiye ajuaye mpaka wa shamba unapita wapi, mti upi huzaa sana mwaka huu na kupumzika mwaka ujao, na maji ya masika hushukia upande gani. Asipofika shambani, ujuzi huo hukaa barazani pamoja naye, na mwisho hupotea. Basi kulinda miguu ya wazee wetu ni sehemu ya kulinda mashamba yetu.

Wanachama wengi wamekwisha ambiwa na waganga, "Tembea, fanya mazoezi." Neno hilo ni la kweli lakini halitoshi. Kumwambia mtu "safiri" bila ya kumwambia aende wapi, kwa siku ngapi na kwa posho gani, si kumsaidia. Kwa hiyo leo tutajifunza namna ya kujiwekea shabaha, na tutaazima mfano kwa watu waliojua kutembea kuliko wote katika nchi zetu, yaani wapagazi wa njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji.

1. NJIA YENYEWE

Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, safari ya bara ilikuwa ya miguu. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ni kama kilomita 1,200. Misafara ilipita Mpwapwa, ikaingia Ugogo, ikavuka nyika kavu iliyoitwa Mgunda Mkali, ndipo ikafika Unyanyembe, penye mji wa Tabora. Hapo mizigo ilitua, wapagazi walilipwa na wengine kuandikwa, na wagonjwa walipata kupumzika kabla ya kushika njia ya Ujiji au ya kaskazini.

Wapagazi mashuhuri kuliko wote walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kadiri ya frasila mbili, yaani ratili 70 au kilo 32 hivi. Mwanachama aliyewahi kubeba frasila mbili za karafuu kavu kutoka shamba hadi njia kuu anajua uzito tunaousema. Na watu wale waliubeba kwa miezi. Richard Burton na John Speke, Waingereza, waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857 wakafika Tabora, ambayo wakati ule ikiitwa Kaze, tarehe 7 Novemba, baada ya zaidi ya miezi minne.

Walifikaje? Hawakutazama kilomita 1,200 zote kwa mara moja. Kila siku ilikuwa na kituo chake. Waliondoka alfajiri, wakapiga kambi kabla jua halijawa kali. Posho ya mtu ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku. Palipokuwa na maji na chakula walikaa siku za kupumzika. Mbele alikwenda kirangozi na bendera, aijuaye njia.

Hatuisifu njia ile kwa kila kitu. Ndiyo iliyopitishwa watu waliokamatwa na kufungwa minyororo, na baadhi yao waliishia katika mashamba ya karafuu ya visiwani. Kwao hapakuwa na kuchagua kituo. Aliyeshindwa kutembea aliachwa njiani, au aliuawa. Utumwa ulifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897. Twalitaja jambo hili kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa linatukumbusha kwamba kujipangia mwendo wako mwenyewe ni neema ya mtu huru.

2. WATU WAWILI WA NJIA HIYO

Wa kwanza ni Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, aliyezaliwa kama mwaka 1820. Alichukuliwa utumwani utotoni, akapelekwa Bara Hindi, na baada ya kupata uhuru akarudi Unguja. Mwaka 1857 alifuatana na Burton na Speke. Mwaka 1860 alishika njia tena pamoja na Speke na Grant, wakapita Tabora na Uganda hata wakafika Misri mwaka 1863. Mwaka 1871 alikuwa na Stanley. Halafu mwaka 1873, umri wake umekwisha pita miaka 50, alitoka Bagamoyo na Cameron, na mwishoni mwa mwaka 1875 wakafika bahari ya magharibi, upande wa Benguela. Baadaye alipewa pencheni na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London, akafariki mwaka 1885.

Wa pili ni Daktari David Livingstone, aliyezaliwa mwaka 1813. Stanley alimkuta Ujiji mwaka 1871, wakaja pamoja hadi Kwihara, karibu na Tabora, ambako hata leo pana nyumba ya tembe iliyofanywa makumbusho yake. Stanley alimsihi arudi kwao akapate nguvu kwanza. Yeye alikataa, kwa kuwa alitaka kuzitafuta chemchemi za mto Naili. Stanley aliondoka mwezi wa Machi 1872. Livingstone akangoja wapagazi mpaka Agosti, ndipo akaondoka, umri wake miaka 59, na mwili umekwisha dhoofishwa na maradhi ya tumbo na homa. Aliingia katika mabwawa ya Bangweulu wakati wa mvua. Mwisho alikuwa akichukuliwa machelani, na mwanzoni mwa Mei 1873 alifariki. Wafuasi wake, Susi na Chuma pamoja na wenzao, waliuchukua mwili wake kwa miguu, wakapita Tabora, wakaufikisha Bagamoyo mwezi wa Februari 1874.

Hatuwalinganishi watu hawa kwa ushujaa. Twatazama shabaha tu. Bombay alishika njia tena na tena, akafika mbali hata katika umri mkubwa. Livingstone alikuwa na azma kubwa, lakini azma ile ilipimwa kwa tamaa ya moyo, haikupimwa kwa hali ya mwili. Mafunzo ni mawili: usiiache miguu ilale, na usiitwike mzigo isioweza kuutua salama.

3. JUA ULIPO KABLA YA KUONDOKA

Msafara haukuondoka kabla mizigo haijapimwa. Nasi tujipime kwanza. Vipimo hivi ni vyepesi, lakini mwenye kujipima awe na mtu karibu naye.

Kipimo cha kiti. Weka kiti imara ukutani. Pima mita tatu mbele yake na uweke alama. Kaa. Ukiambiwa "Haya," simama, tembea kwa mwendo wako wa kawaida hadi kwenye alama, geuka, rudi, ukae. Mwenzako atazame saa. Wataalamu wa Marekani wa kuzuia maanguko husema mzee atumiaye sekunde 12 au zaidi yumo katika hatari ya kuanguka.

Kipimo cha mapaja. Kunja mikono kifuani, kisha simama na kukaa mara tano bila ya kushika kitu. Asiyeweza, au atumiaye zaidi ya sekunde 15, mapaja yake yamepungua nguvu.

Kipimo cha njia. Tembea njia unayoijua, ukumbuke ulipochoka: penye mnazi, penye kisima, au penye duka. Hapo ndipo kambi yako ya leo. Usione haya. Ni kheri kambi ya kweli iliyo karibu kuliko ya kujisingizia iliyo mbali.

Mwenye maradhi ya moyo, shinikizo la damu, kisukari, au aliyeanguka mwaka huu, aende kwanza kituo cha afya. Macho nayo yapimwe, kwa maana mtoto wa jicho humwangusha mtu ambaye miguu yake ni mizima.

4. NAMNA YA KUCHAGUA KITUO

Shabaha njema ina mambo matano.

(a) Iwe ni yako. Mmoja atataka kwenda msikitini kwa miguu siku ya Ijumaa. Mwingine atataka kufika shambani na kurudi. Mama aliyezoea kuchambua karafuu atataka kuinuka kutoka jamvini bila ya kuvutwa mkono. Shabaha ya kupewa na mwana haidumu.

(b) Iweze kuhesabiwa. "Nataka nguvu" haihesabiki. "Nitatembea dakika 10 siku tano kwa juma" yahesabika, na jioni ya Alhamisi utajua umetimiza au hukutimiza.

(c) Iwe karibu na ulipo. Awezaye dakika 10 asijipangie saa nzima. Aongeze kidogo. Mathalan, majuma mawili ya kwanza atembee dakika 10 kwa siku, siku tano. Majuma mawili yafuatayo dakika 15, kisha 20, kisha 25. Katika juma la tisa na la kumi atakuwa katika dakika 30 kwa siku, nazo kwa siku tano ni dakika 150. Haba na haba hujaza kibaba.

(d) Iwe na muda wake. Chukueni mwisho wa msimu, au mwezi kabla ya Ramadhani, kuwa ndio tarehe ya kufika.

(e) Iwe na shahidi. Mwambie mkeo, mumeo, au jirani wa barazani. Msafara haukuwa wa mtu mmoja. Wazee wawili watembeao pamoja huitana, na mmoja akiona uvivu mwingine humwamsha.

5. POSHO NA MZIGO

Kiasi gani chatosha? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lashauri kuwa wenye miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 kwa juma za mwendo wa wastani, yaani mwendo ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Lashauri pia mazoezi ya kutia nguvu maungo siku mbili au zaidi kwa juma, na mazoezi ya kusimama imara siku tatu au zaidi. Asiyeweza yote afanye awezayo, kwani kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa.

Wengine wamesikia kuwa lazima zitimie hatua 10,000 kwa siku. Hesabu hiyo ilienea kutoka Japani mwaka 1965, pamoja na chombo cha kuhesabu hatua kilichokuwa kikiuzwa. Uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2019 juu ya wanawake wazee, wenye umri wa wastani wa miaka 72, ulionyesha kuwa waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walifariki kwa uchache kuliko waliotembea kama 2,700, na faida ilizidi mpaka karibu hatua 7,500, kisha ikasimama. Basi mzee asivunjike moyo kwa hesabu kubwa ya watu wengine.

Je, nguvu hurudi? Hurudi. Mwaka 1994 waganga wa Marekani walitangaza habari za wazee 100 dhaifu wa nyumba ya kulelea wazee, wenye umri wa wastani wa miaka 87. Waliofanya mazoezi ya kuinua uzito kwa majuma kumi, nguvu za maungo yao zilizidi maradufu. Na mwaka 2014 ulitangazwa uchunguzi mwingine wa watu 1,635 wenye miaka 70 hadi 89. Waliofundishwa kutembea na mazoezi mengine walipungukiwa na hatari ya kushindwa kutembea mita 400, kuliko wale waliopewa masomo ya afya tu.

Mazoezi yenyewe hayataki mashine. Simama na kukaa juu ya kiti mara nane, pumzika, kisha rudia. Inuka kwa ncha za vidole huku umeshika meza. Simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta. Tena sala zetu tano zina rakaa 17 za faradhi na sijda 34, na kila sijda ina kushuka na kuinuka. Mwenye kuziswali kwa utulivu huyapa magoti na mgongo wake kazi kila siku. Mwenye udhuru dini imemfanyia wepesi aswali kwa kukaa, wala asijitie mashakani kwa kuona haya.

Kuhusu posho, maungo hayajengwi kwa muhogo na chai peke yake. Mzee apate samaki au dagaa, kunde, choroko, maharage, na yai akijaaliwa. Anywe maji kabla ya kuona kiu. Atembee baada ya alfajiri au baada ya alasiri, asingoje jua la utosi. Viatu viwe vyenye kushika mguu. Kandambili zilizolegea zimeangusha wengi. Anayetumia bakora aikate ifike kwenye kifundo cha mkono ulioteremka, na aishike kwa mkono ulio upande wa mguu mzima, si upande wa mguu mbovu.

6. MGUNDA MKALI

Kila msafara ulikuwa na nyika yake isiyo na maji. Wapagazi hawakuikana, waliijua na kuiandalia. Ilipobidi walifanya terekeza: waliondoka adhuhuri na maji yao, wakalala njiani pasipo kisima, na asubuhi wakafikia maji.

Mzee naye atakuwa na nyika yake: homa, msiba, mvua za masika, au kulazwa. Mwaka 2007 ulitangazwa uchunguzi wa wazee wenye afya waliolazwa kitandani siku kumi tu. Miguu yao ilipoteza karibu kilo moja ya nyama. Kwa hiyo mgonjwa wetu akipata nafuu, na mganga akiruhusu, aketishwe, asimamishwe, atembezwe hata hatua chache chumbani. Huruma ya kumwambia "lala tu, baba, tutakuletea" huenda ikamdhuru.

Baada ya ugonjwa usianze ulipoachia. Rudi kambi moja au mbili nyuma. Waliokaa Tabora kupumzika hawakuitwa wavivu, ndio waliofika Ujiji.

Ukiona maumivu ya kifua, kizunguzungu, pumzi kukatika, au mguu mmoja kuvimba ghafla, simama na uende hospitali. Mwenda pole hajikwai.

7. KIRANGOZI HABEBI MZIGO MZITO

Limebaki jambo gumu, nalo ni kupanda mkarafuu. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na wenye zaidi ya miaka 60 ndio wenye hatari kubwa. Sisi wakulima tuna miti mirefu, na matawi ya mkarafuu huvunjika bila ya taarifa. Wako wazee wapandao bado, kwa kuwa wanaona kushuka mtini ni kushuka cheo.

Tutazame tena msafara. Burton aliandika kuwa kirangozi alikuwa na mzigo mwepesi miongoni mwa mizigo yote, na bendera nyekundu mkononi. Hakuna aliyemdharau, kwa maana ndiye aijuaye njia. Mzee wa shamba ni kirangozi. Kazi yake ni kupita chini ya miti na kuwaonyesha vijana tawi lililooza, kukagua miche, kusimamia uchambuzi wa makonyo, na kuzigeuza karafuu majamvini. Kazi hizi zote zataka miguu, tena zinaijenga. Shabaha ya kutopanda tena nayo ni shabaha, na mwenye kuishika amefanya jambo la kiume.

Hata haki zetu zafuatwa na miguu. Pencheni jamii ya Zanzibar, iliyoanza Aprili 2016 kwa wenye miaka 70 na zaidi, ni msaada mwema. Lakini mwenye kutembea ataitumia kwa hiari yake mwenyewe, sokoni na dukani, bila ya kungoja mjukuu atoke skuli.

MASWALI YA KUJADILI BARAZANI

1. Njia unayoijua unachokea wapi leo, na ungependa kufika wapi kabla ya msimu ujao?
2. Shahidi wako ni nani?
3. Umetumia sekunde ngapi katika kipimo cha kiti?
4. Katika shamba lako, kazi gani za kirangozi umeziachia vijana kwa kuchoka tu, nawe unaziweza?
5. Ikija nyika yako, nani nyumbani ajuaye kuwa usiachwe kulala?

Twaomba kila tawi lisome maswali haya katika mkutano wake, na kila mwanachama mwenye umri aandike shabaha moja tu katika daftari. Wanachama vijana nao wasiseme somo hili si lao: wao ndio watakaoombwa kwenda pamoja na mzee, kwa mwendo wake. Tutakapokutana kufungua msimu, tutaulizana nani amefika kituo chake.

 

Katibu wa Jumuiya